Besimenti baada ya watoto kuondoka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wastaafu

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa ndugu na marafiki walioshuka kuja kuona chumba chetu cha chini, wakakaa kitako, wakaanza kuuliza. Mimi si mkandarasi. Ni mstaafu tu. Mimi na mke wangu tumeitengeneza ghorofa yetu ya chini ya ardhi mara mbili, kwa sababu ile ya kwanza tuliivuruga. Kwa hiyo mengi ya haya tumejifunza kwa nyundo, na mengine kwa ndoo na tambara.

Watoto wameshatoka na nyumba imekuwa kubwa kupita kiasi. Kwa nini tutengeneze vyumba vingine tena?

Hamuongezi nyumba. Mnaipa kazi sehemu ambayo tayari ina msingi, kuta na paa juu yake. Na wastaafu wengi hugundua jambo hili ndani ya miezi michache tu: nyumba iliyowatosha watu watano jioni inaweza isiwatoshe wawili kutwa nzima. Mmoja anataka redio, mwenzake anataka kulala. Mmoja ana cherehani, mwingine ana gitaa alilolitamani miaka thelathini. Mlango mmoja wa kufunga, hata ukiwa chini ya ardhi, unaweza kuokoa amani ya ndoa.

Ila kabla ya kumwita fundi, jiulizeni nani atashuka huko Jumanne saa nne asubuhi, na anashuka kufanya nini. Sisi mara ya kwanza tulijenga kwa ajili ya wageni kumi na wawili: kaunta ndefu ya vinywaji, skrini kubwa, makochi ya kuketi kikosi kizima. Hao wageni walikuja mara mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote tulikuwa tunapasha joto chumba kitupu.

Tuanzie wapi?

Kwenye maji. Rangi, vigae na makochi vitasubiri.

Zungukeni nyumba wakati mvua inanyesha, si ikishakatika. Vaeni makoti, chukueni tochi, tazameni maji yanakokwenda. Ardhi inayoizunguka nyumba inatakiwa kuteremka kuelekea nje, kama sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Gata zisiwe zimeziba majani, na bomba linaloshusha maji ya paa liyamwage mita moja na nusu au mbili mbali na ukuta, lisiyaangushe pale pale kwenye msingi. Nimewaona watu wakipewa makadirio makubwa ya kuchimba na kuziba ukuta mzima, halafu tatizo likaisha kwa toroli kadhaa za udongo na kipande cha bomba. Jaribuni kwanza hicho cha bei nafuu.

Kama maji yanapanda kutoka chini, hapo ni kazi nyingine: mfereji unaochimbwa ndani kando ya msingi, shimo la kukusanyia maji, na pampu ya kuyatoa nje. Pampu hiyo iwe na betri ya akiba. Dhoruba inayojaza shimo ndiyo hiyo hiyo inayokata umeme, na pampu isiyo na umeme haina tofauti na jiwe. Kama nyumba iko kwenye bomba la maji taka la mtaa, muulizeni fundi bomba kuhusu valvu ya kuzuia maji taka yasirudi ndani. Bomba la mtaa likielemewa, maji hutafuta tundu lililo chini kuliko yote, na tundu hilo ni choo chenu cha besimenti.

Nyufa nazo zina lugha yake. Ufa mwembamba wa wima mara nyingi ni zege lililosinyaa lilipokuwa linakauka. Ufa wa mlalo katikati ya ukuta, au ukuta uliotokeza tumbo kwa ndani, maana yake udongo wa nje unasukuma. Huyo ni mgonjwa wa mhandisi, si wa fundi rangi. Kwa ufa wenye shaka, chora mstari wa penseli pale unapoishia, andika tarehe, urudi baada ya miezi sita. Methali ya ufa na ukuta hapa haina fumbo lolote.

Kisha subirini. Msifunge ukuta hata mmoja kabla ya kuiona besimenti ikipita msimu mzima wa mvua, au wa theluji inayoyeyuka. Sisi hatukusubiri. Tulitandika zulia zito na kupigilia mabamba ya jipsamu moja kwa moja, na baada ya mwaka na kitu chumba kikaanza kunuka kama soksi zilizosahaulika kwenye begi. Nilipobandua ubao wa chini ya ukuta, nyuma ya jipsamu kulikuwa kweusi hadi usawa wa goti.

Nitajuaje kama unyevu unatoka kwenye zege au ni wa hewani?

Chukua kipande cha nailoni ngumu inayopitisha mwanga, kama sentimita 45 kwa 45. Kitandaze juu ya sakafu iliyofagiliwa na ukifunge pande zote nne kwa solotepu pana. Kiache angalau saa 16. Mimi hukiacha siku mbili. Kisha kifunue. Matone yakiwa upande wa chini wa nailoni, au zege limekoza rangi, unyevu unapanda kutoka ardhini. Yakiwa upande wa juu, ni hewa yenye mvuke inayokutana na sakafu ya baridi, kama glasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho.

Dawa ni tofauti kabisa, ndiyo maana kipimo hiki ni muhimu. Unyevu wa hewani hupunguzwa kwa mashine ya kukausha hewa, yenye bomba linalomwaga maji yenyewe kwenye mtaro. Ile ya kubeba ndoo utaichoka wiki ya pili. Nunueni na kipimo kidogo cha unyevu cha kutundika ukutani, mhakikishe hakipiti asilimia 60. Kati ya 30 na 50 ndipo pazuri. Ukizidi 60 muda mrefu, ukungu umealikwa.

Je, hewa ya chini ni salama kukaa kutwa nzima?

Pimeni gesi ya radoni. Haina harufu wala rangi. Inatokana na urani iliyomo kwenye miamba na udongo, hupenya kwenye nyufa za sakafu na kujikusanya katika vyumba vya chini. Baada ya sigara, iko kwenye safu ya mbele ya visababishi vya saratani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango cha rejea cha bekereli 100 (bekereli ni kipimo cha mionzi) kwa kila mita ya ujazo, na pale ambapo nchi haiwezi kukifikia, kisizidi 300. Kipimo chenyewe ni kikopo kidogo kinachoachwa chumbani. Cha miezi mitatu kinaeleza ukweli kuliko cha siku mbili, kwa kuwa gesi hupanda na kushuka na majira.

Ikizidi, tiba inajulikana: bomba linalopita kwenye sakafu na kutoa hewa ya chini ya zege hadi juu ya paa kwa feni. Kulipitisha kabla ya kujenga kuta ni kazi ya siku moja. Baada ya kujenga, ni ya kubomoa.

Kwenye nyumba kuukuu kunaweza kuwa na asbesto pia, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Vigae vidogo vya sakafu vya zamani na kitambaa cheupe kilichozungushwa kwenye mabomba ya boila, ule mtambo wa kupasha maji na nyumba, vinaweza kuwa nayo. Msikwangue, msitoboe, msifagie. Waiteni wanaohusika waje kuchukua sampuli, na kama ipo, iondolewe na wenye leseni.

Na vitu vyote vya watoto vilivyorundikwa huko?

Wapeni tarehe. Si ombi, tarehe. Sisi tulipiga picha kila boksi lililofunguliwa, tukazituma, tukasema kisichochukuliwa kufikia mwisho wa mwezi fulani kitagawiwa. Kilichotushangaza ni kwamba vingi tulivyovitunza kwa heshima miaka yote, wenyewe hawakuvikumbuka kabisa. Waliulizia vitu viwili: baiskeli iliyopinda rimu, na kopo la vifungo.

Vitakavyobaki viwekwe kwenye masanduku ya plastiki, juu ya rafu, si sakafuni. Boksi la karatasi linafyonza unyevu kama utambi.

Ngazi zetu zimesimama wima. Tuzibadilishe?

Kama kuna sehemu moja ya kutumia fedha bila kujuta, ni hii. Kuanguka ni sababu ya pili duniani ya vifo vya majeraha yasiyokusudiwa, baada ya ajali za barabarani. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao 684,000 hufa hivyo kila mwaka, na wanaoumia vibaya zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Na ngazi za besimenti mara nyingi ndizo zilizojengwa kwa uzembe kuliko zote, maana aliyezijenga alidhani mtu atashuka kuchukua kopo la rangi basi.

Kidato cha kustarehesha kina kimo kisichozidi sentimita 18 na nafasi ya kukanyagia isiyopungua 28. Lakini kuliko kimo chenyewe, tazama usawa. Mguu hujifunza kimo kwenye vidato viwili vya kwanza, kisha huacha kufikiri. Kidato cha saba kikiwa kirefu au kifupi kwa sentimita moja tu, mguu unadanganyika.

Hapa ndipo mafundi wengi huwakosesha wateja bila kujua. Ukitandika sakafu mpya chini, tuseme mabamba ya sentimita 2 na vigae juu yake, kidato cha mwisho kinakuwa kifupi kwa karibu sentimita 3 kuliko wenzake. Chukua futi kamba, pima vidato vyote kimoja kimoja, andika namba kwa chaki ubavuni. Chetu cha chini kilikuwa 15 na vingine 18. Mke wangu alikuwa akikikanyaga kwa kishindo kila siku, tukidhani ni viatu.

Reli za kushikia ziwe pande zote mbili, si upande mmoja. Mtu akipata kiharusi au akivunjika mkono, upande wa reli ndio unaoamua kama atashuka au hatashuka. Kimo chake kiwe kati ya sentimita 86 na 96, na ziwe za mviringo zinazokaa kiganjani, kipenyo cha sentimita 3 na nusu hadi 4 na nusu. Mbao bapa ya kulaza kiganja ni pambo tu. Na ziendelee mbele ya kidato cha mwisho, ili mkono uache kushika baada ya mguu kufika, si kabla.

Ukingo wa kila kidato uwe na rangi inayotofautiana na sehemu ya kukanyagia. Swichi za taa ziwe juu na chini. Mlango wa juu ufunguke kuelekea barazani, usifungukie juu ya ngazi. Na kama mashine ya kufulia iko chini, ihamisheni juu mkiweza: mtu aliyebeba kapu la nguo haoni miguu yake na hana mkono wa kushikia.

Je, tuhamishie chumba chetu cha kulala chini?

Mimi nasema hapana, isipokuwa nyumba iko kwenye mteremko na besimenti ina mlango unaotoka nje usawa wa ardhi. Hapo mambo hugeuka kabisa: ghorofa hiyo inaweza kuwa ndiyo bora nyumbani, maana unaingia bila ngazi hata moja. Kwenye besimenti ya kawaida, usiku wa kuamka mara tatu kwenda msalani utakukumbusha kila kidato.

Kwa chumba cha wageni, sawa, ila kiwe na dirisha la kutokea. Kanuni ya nyumba za makazi inayofuatwa sehemu nyingi za Marekani inataka dirisha hilo likifunguka liache wazi angalau mita ya mraba 0.53, na kizingiti chake kisizidi sentimita 112 kutoka sakafuni. Kwingine kuna vipimo vya huko. Sasa wazia mtu wa miaka 75 akipanda sentimita 112 gizani na moshi nyuma yake. Tengenezeni benchi imara lililofungwa ukutani chini ya dirisha. Siku za kawaida ni kiti cha kusomea, siku ya moto ni kidato. Ving'ora vya moshi na vya monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, viunganishwe na vya juu, vilie vyote kwa pamoja.

Bafu la chini linawezekana?

Linawezekana, na bila hilo besimenti haitatumika. Hakuna anayeketi kwa muda wa saa mbili mahali ambapo kila haja ni safari ya vidato kumi na vitatu.

Swali la kwanza ni bomba kuu la maji taka liko juu au chini ya sakafu yenu. Likiwa chini, fundi anapasua zege na kuunganisha kwa mteremko. Likiwa juu, maji hayapandi yenyewe: mtahitaji tangi dogo sakafuni lenye pampu ya kusukuma, au choo chenye mashine ya kusaga nyuma yake. Hiki cha pili hakihitaji kupasua zege. Kina kelele kidogo, na hakisamehe mtu anayetupa pamba au vitambaa.

Bafu lenyewe lijengeni kwa ajili ya mwili mtakaokuwa nao, si huu wa leo. Shawa isiyo na kizingiti, sakafu ikiteremka polepole kuelekea kwenye tundu la maji. Mlango unaoacha wazi angalau sentimita 81, ukifunguka kwa nje au ukiteleza, ili mtu akianguka nyuma yake uweze kumfikia. Kiti cha choo kiwe na kimo cha sentimita 43 hadi 48. Na hata kama hamtaki vishikio sasa, pigilieni plaiwudi nene ndani ya ukuta kuzunguka choo na shawa kabla ya kuufunga. Siku mtakapovihitaji itakuwa kazi ya nusu saa. Kishikio kilichofungwa kwenye jipsamu tupu kitang'oka na mtu wake.

Dari ni fupi. Tufanyeje?

Pimeni kutoka sakafu ya mwisho, si zege la leo. Kanuni ya Marekani niliyoitaja juu inataka mita 2.13 kwa vyumba vya kuishi. Mkikaribia hapo, msiongeze dari ya kuning'inia. Pakeni rangi moja mihimili, mabomba na nyaya zote, jicho litaacha kuvihesabu. Kuchimba sakafu kushuka chini kunawezekana, lakini ni kazi ya kugusa msingi, na kwa watu wawili sioni inalipa.

Chini ni giza. Tuweke taa za namna gani?

Nyingi kuliko mnavyodhani, na msizipange kama za ofisini. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takribani theluthi moja ya mwanga unaolifikia jicho la kijana wa miaka 20, na wakati huo huo linaumizwa zaidi na mng'aro. Kwa hiyo taa moja kali katikati ya dari ni kosa mara mbili. Tawanyeni: taa za kuelekea ukutani, za kusimama kando ya kiti, za mkanda chini ya rafu. Balbu za kelvini 2700 hadi 3000 zina rangi ya jioni, zinafaa sebuleni. Juu ya meza ya kushonea au ya kazi za mikono wekeni taa nyeupe zaidi inayoonyesha rangi sawasawa. Uzi mweusi na wa bluu iliyokolea vitawagombanisha.

Taa ndogo za usiku zinazowaka zenyewe mtu anapopita, zikiwa usawa wa kifundo cha mguu kuanzia ngazini hadi chooni, ni kitu cha bei ndogo ambacho kila mgeni wetu hukisifia. Dirisha la chini likitanuliwa na shimo lililochimbwa nje mbele yake likapakwa rangi nyeupe, mwanga unaoingia utawashangaza.

Sakafu ipi inafaa?

Vigae, au vinyl ya mbao za kubandikana isiyoharibiwa na maji. Mbao halisi hapana, zinavimba. Zulia la ukuta kwa ukuta hapana, tumeshalizika moja. Mkitaka ulaini chini ya nyayo, tandikeni mkeka mzito wenye mpira chini yake, unaoweza kubebwa nje siku ya mafuriko. Sakafu za vyumba vyote ziwe usawa mmoja bila vizingiti.

Kwenye maeneo ya baridi, nyaya za joto chini ya vigae vya bafu ni anasa ninayoitetea bila haya.

Kuta zifungwe vipi?

Kosa la kawaida ni kusimamisha fremu ya mbao kwenye zege, kujaza sufi ya kioo, kufunika nailoni, kisha jipsamu. Hewa ya ndani hupenya, ikafika kwenye zege la baridi, ikageuka maji, na maji hayana pa kutokea.

Bandikeni kwanza mabamba ya povu gumu moja kwa moja kwenye zege, viungo vyake vizibwe kwa solotepu au povu la kupuliza. Mbele yake ndiyo isimame fremu. Ubao wa chini unaogusa sakafu uwe wa mbao iliyotiwa dawa. Jipsamu iinuliwe kama sentimita moja juu ya sakafu. Pengo hilo litafichwa na ubao wa chini ya ukuta, na litaokoa ukuta siku maji kidogo yakimwagika. Soketi ziwe sentimita 45 kutoka chini, au zaidi, kwa sababu kuinama nako kuna mwisho wake.

Tuna chumba cha boila humo humo. Tukifiche?

Kificheni, msikizibe. Boila inayochoma gesi au mafuta inahitaji hewa, na fundi anahitaji nafasi ya kupiga magoti mbele yake, kama sentimita 75. Mlango uwe mpana kiasi cha kutoa tangi la maji moto zima, maana siku moja litatoka.

Tupeni mawazo: watu hutumia chumba hicho kwa nini hasa?

Nitasema nilivyoona vikitumika mwaka wa tatu, baada ya hamasa kupoa.

Karakana ya mbao hudumu, lakini vumbi lake hupanda nyumba nzima kupitia mifereji ya hewa. Iwe na mlango unaobana, feni ya kutoa hewa nje, na mashine ya kunyonya vumbi pale pale kwenye msumeno. Cherehani na meza ya kukatia vitambaa hudumu pia. Ala za muziki hudumu kuliko vyote, kwa sababu majirani hawasikii.

Chumba cha mazoezi hudumu kikiwa kidogo: mkeka, fimbo ya kushikia ukutani, mikanda ya mpira, baiskeli ya kukaa. Mashine kubwa ya kukimbilia hugeuka kuwa kamba ya nguo. Rafiki yangu mmoja ana mbili.

Ukumbi wa sinema hutumika kama viti vyake ni vya kuinuka bila kusaidiwa. Makochi ya chini, laini, yanayommeza mtu, ni ya vijana. Keti dukani dakika ishirini, kisha jaribu kusimama bila kutumia mikono. Na pimeni ngazi na kona yake kabla ya kulipa. Kochi letu la kwanza lilikwama kwenye kona, likalala hapo siku mbili kama ng'ombe aliyegoma.

Wajukuu hawahitaji chumba chao. Wanahitaji kabati moja lenye vitu vyao, sakafu wazi, na vitanda vinavyokunjwa ukutani.

Wazo ninalolipenda zaidi ni la kutengeneza chini makazi kamili ya mtu mmoja: chumba, bafu, jiko dogo, mlango wake wa nje. Leo anakaa mtoto aliyerudi kwa muda au mpangaji. Kesho anaweza kukaa mtu wa kuwahudumia ninyi. Ulizeni kwanza mamlaka ya ujenzi ya eneo lenu, kwa kuwa jiko la pili na mpangaji vina masharti yake, na bima nayo itataka kujua.

Kelele za juu zinasikika sana chini?

Jazeni sufi ya mawe kati ya mihimili, na jipsamu ya dari ining'inie kwenye vyuma vyembamba vinavyonepa badala ya kupigiliwa kwenye mbao. Mlango wa mbao nzito unasaidia kuliko watu wanavyofikiri.

Tunaweza kufanya wenyewe?

Kupaka rangi, kutandika vinyl, kupanga rafu, ndiyo. Umeme, mabomba ya maji taka, gesi, na kukata ukuta wa msingi kwa ajili ya dirisha, hapana. Kibali chukueni hata kama jirani anasema hakuna anayekagua. Mkaguzi wetu alikuta waya uliounganishwa bila kisanduku nyuma ya fremu. Dakika kumi zake zilikuwa za thamani kuliko karatasi zote tulizojaza.

Itakuwaje kama mmoja wetu atashindwa kushuka?

Panga sasa. Kiti kinachotembea kwenye reli ya ngazi kinahitaji ngazi zisizo nyembamba mno, soketi karibu na mwisho wa ngazi, na nafasi ya kukiegesha bila kuziba mlango. Lifti ndogo ya nyumbani inahitaji tundu la kama mita moja na nusu kwa moja na nusu. Makabati mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine, la juu na la chini, yanaweza kuwa tundu hilo siku ikifika. Acheni na duara la sentimita 150 lisilo na kitu mbele ya ngazi na bafuni, kiti cha magurudumu kigeuke. Huku mkisubiri, duara hilo ni mahali pa kuchezea wajukuu.

Kuta zikishafungwa, tutakumbukaje mabomba na nyaya zilipo?

Piga picha kila ukuta kabla jipsamu haijasimama, futi kamba ikiwa imenyooshwa sakafuni ndani ya picha, na nyingine ikiwa imesimama wima. Mimi sikupiga, nikatoboa bomba la maji ya moto nikitundika rafu ya vitabu, Jumapili jioni, mke wangu akiniuliza kutoka juu kama ile sauti ni mvua. Mara ya pili tulipiga. Picha ziko kwenye bahasha nyuma ya mlango wa boila, pamoja na mchoro wa valvu kuu, na tochi inayoning'inia kwenye msumari.